Paa la Sikitu

Mwezi wa sita, Matamba, alfajiri,
nyasi huvunjika chini ya mguu kama ganda la yai.
Sakitu imelala tena.
Ng'ombe anainamisha mdomo, ananusa ule weupe,
anainua kichwa, ananitazama
kana kwamba mimi ndiye niliyeumwaga.

Huku hatuna theluji ya kujisifia.
Tuna usiku mmoja, na mwingine, na mwingine,
na jua la saa nne linaloyeyusha
kisha linaunguza kile ilichokigusa baridi,
hata malisho yakabaki rangi ya kamba kuukuu.

Mama wa babu yangu aliitwa Sikitu.
Alizaliwa mdogo kama ngumi, mkunga akasema si kitu, ataishi.
Akaishi. Akaolewa na mtu wa ng'ombe, Luvanda,
ambaye kila kipupwe aligawa zizi kwa macho tu:
wenye miguu washuke, wenye mimba wabaki.
Wenye miguu wakateremka naye na vijana,
siku mbili za mawe na magoti, hadi Usangu kwenye joto,
ambako mto ukipungua huacha majani mabichi.
Sikitu akabaki na wenye mimba,
ndama wawili, na Baka, kikongwe ambaye meno yamekwisha.

Usidhani alibaki mikono mitupu.
Tangu mvua zilipoaga alikata nyasi kabla hazijazeeka,
akazigeuza juani kama mtu anavyogeuza mtoto mwenye homa,
akazitundika matawini, mbali na umande, mbali na mbuzi.
Mabua ya ulezi. Maganda ya njegere.
Majani ya mianzi ya bondeni, ambayo baridi haiyawezi.
Akapima kwa kifua chake:
kumbatio moja kwa mwenye mimba,
nusu kwa ndama,
na za Baka akazitwanga kinuni.
Usiku wote waliingia ndani, akalala kati ya mbavu zao.
Nani alimpasha nani joto, sijui.

Ukaja mwaka ambao sakitu haikuaga.
Mwezi wa nane ukapita mweupe, matawi yakabaki matupu,
Luvanda hajapanda.
Sikitu akalala chali, akawaza atamchinja nani,
na macho yake yakagonga paa.

Nyasi za miaka minne, nyeusi kwa moshi wa kila chakula
walichowahi kula.

Akapanda. Akachomoa kicha cha kwanza juu ya mlango,
akakung'uta masizi, akanyunyiza maji ya magadi,
akamwekea Baka, maana mzee huonja kwanza.
Baka akapiga chafya.
Akala.

Siku kumi na saba walikula nyumba.
Walianza upande wa upepo,
wakamaliza juu ya kitanda.
Luvanda aliporudi na wenye miguu, wamenona,
aliona fito zimesimama angani kama mbavu za mzoga
akaanza kulia kabla hajafika uani.
Ndani, kama bado ni ndani,
akakuta wote wanacheua, na ndama mmoja wa ziada,
aliyezaliwa akitazama nyota,
na mke wake akikamua.
"Nyumba iko wapi?"
"Kunywa," akasema, akampa kibuyu.
Maziwa yalinukia moshi.

Mimi nina bati, geji ishirini na nane.
Nina pumba guniani, na namba ya mtu wa mashudu
ambaye barabara ikikatika hapokei simu.
Bati halivuji. Halitafuniki pia.
Kwa hiyo kila Mei, majirani wakinicheka,
naezeka banda la ndama kwa nyasi,
nene, nene kuliko mvua inavyodai.
Wananiuliza ya nini yote hiyo.
Si kitu, nawajibu,
na mkono wangu unabonyeza ukingo wa paa
kama mtu sokoni anavyogusa mfuko
kuhakikisha hela bado ipo.